Sauti Mbili Kando ya Ziwa: Taarikhi ya Shirati Jazz

Dibaji

Bendi ya muziki haina daftari la wanachama kama chama cha ushirika, wala jiwe la msingi kama shule, na kwa sababu hiyo mwenye kutaka kuandika taarikhi yake hana budi kuitafuta katika masalio yake, nayo ni sahani za santuri zilizochakaa, vikaratasi vya duara vilivyobandikwa katikati ya sahani hizo, na kumbukumbu za watu waliocheza kwa nyimbo zake hata alfajiri ikawakuta uwanjani. Hata hivyo Shirati Jazz, iliyoanza kuimba katikati ya miaka ya 1960 na ambayo miaka sitini baadaye ingali ikitajwa kwa heshima Kisumu, Homa Bay, Migori na Siaya, imestahili kuandikiwa kama ziandikiwavyo taasisi nyingine, kwa maana ilikuwa na mwasisi na desturi yake, ikawa chuo cha vijana wengi wasiokuwa na chuo kingine, na ikawahudumia watu wa ziwani katika arusi zao na misiba yao kwa miongo kadhaa bila kukoma.

Rai iongozayo kurasa hizi ni moja. Mtu akitaja benga, ule muziki wa gitaa wa Waluo ambao Shirati iliupiga, awe mwenyeji au mgeni, aghalabu hutaja gitaa kwanza, lile gitaa jembamba lirukalo juu ya besi kama mwenye haraka. Na kwa hakika gitaa hilo lina haki yake. Lakini naona kwamba kilichoifanya Shirati kuwa Shirati ni uimbaji wa sauti mbili zilizokwenda bega kwa bega, ya juu na ya chini, pasipo moja kumfunika mwenziwe, na kwamba gitaa lenyewe lilipata ufasaha wake kwa kuzijibu sauti hizo. Jambo hili halikuandikwa vya kutosha, na sababu yake tutaiona mbele.

Haja iliyotangulia: kabla ya 1960

Reli itokayo Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, na mahali ilipokoma, palipoitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kushika, pakawa bandari ya meli zilizozunguka ziwa zima, zikienda Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell na kurudi. Njia hiyo ya maji ilipitisha pamba, ngozi na abiria, na ilipitisha nyimbo vilevile, hata mtu wa Shirati, kule upande wa Tanganyika, akawa jirani wa mtu wa Kisumu kuliko alivyokuwa jirani wa mtu wa Dodoma. Waluo wamekaa pande zote mbili za mpaka tangu zamani, na lugha ikiwa moja, mstari uliochorwa na Wajerumani na Waingereza haukuwahi kuukata wimbo.

Katika nchi hiyo bingwa wa kuimba alikuwa mpiga nyatiti, kinubi cha nyuzi nane. Mpigaji hukaa juu ya kigoda kifupi, kinubi kimemlalia ubavuni karibu na ardhi, na katika kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma ambayo kwayo hugonga ubao wa kinubi, huku njuga ziitwazo gara zikilia mguuni mwake. Hivyo mtu mmoja huwa na ngoma, njuga, nyuzi na sauti kwa wakati mmoja, akiwasifu marehemu matangani na kuwasimanga walio hai. Watazamaji nao walikuwa na haki yao, iitwayo pakruok: mtu atoapo fedha, muziki husimama, naye hujisifu na kujitaja yeye na jamaa zake na marafiki zake kwa majina ya fahari, kisha nyuzi huanza tena pale zilipoachia. Desturi ya kusimamisha muziki ili mtu aseme ilikuja kuingia katika benga moja kwa moja, na asiyeijua huzidhani zile nyamazo za ghafula kuwa ufundi mtupu wa studio.

Lakini mpiga nyatiti alikuwa mtu mmoja, na sauti yake ilitawala peke yake. Sauti ya pili, kwa rai yangu, ilitoka kanisani. Waadventista waliweka kituo chao Gendia mwaka 1906, Waanglikana wakafungua shule ya Maseno mwaka huohuo, na upande wa kusini wa mpaka Wamennonaiti wa kutoka Marekani wakajenga Shirati mwaka 1934, watu ambao desturi yao siku zile ilikuwa kuimba tenzi kwa sauti nne bila ala yoyote. Watoto wa ziwani walikua wakisikia Jumapili au Jumamosi, kila mmoja kwa dhehebu lake, jinsi sauti moja iwezavyo kuitegemea nyingine bila kuifuata hatua kwa hatua. Na aliyekwisha kulisikia jambo hilo utotoni halimtoki, hata akienda kuimba mahali ambapo mchungaji hangependa kumwona.

Gitaa lilifika kwa njia ya tatu. Vita Kuu vya Pili vilipokwisha, askari wa King's African Rifles walirudi makwao wakiwa wameona Burma na Habeshi, na pamoja nao zikaja gitaa na santuri, na mtindo wa kupiga nyuzi kwa vidole viwili uliokuwa ukivuma tangu Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hugh Tracey alipopita huku na vyombo vyake vya kunasia sauti, alikuta zama mbili zikiishi nyumba moja, wazee wa vinubi na vijana wa gitaa, na vijana hao walikuwa wakijaribu kuzifanya nyuzi sita zinene kama nyuzi nane.

Msomaji atauliza hilo neno jazz lilitoka wapi, maana hapana tarumbeta ya New Orleans katika habari hii. Lilitoka kwa majirani. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu 1932 na Morogoro Jazz tangu 1944. Léopoldville ikatoa African Jazz mwaka 1953 na O.K. Jazz mwaka 1956. Na kufikia uhuru, bendi ya Afrika Mashariki iliyotaka kuhesabiwa ya kisasa ililivaa neno hilo kama mtu avaavyo koti la Ijumaa. Wamarekani wenyewe walikuwa na vikundi vya kuimba kwa sauti zilizopatana, kama Mills Brothers, ndugu wanne wa Ohio walioweza kuigiza hata tarumbeta kwa vinywa vyao, na Johannesburg walikuwako Manhattan Brothers waliouchukua mfano huo na kuutia lugha zao. Waimbaji wa ziwani hawakuwaiga hao. Walikwenda njia yao, ambayo kwayo sauti za watu ziliachiwa ghani, na kazi ya tarumbeta wakapewa wapiga gitaa.

1965–1970: Kuasisiwa

Daniel Owino Misiani alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati, kaskazini ya Musoma, safari fupi kutoka mpaka wa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alivuka kwenda Kenya kutafuta riziki ya muziki, kwa kuwa huko ndiko zilikokuwako studio, maduka ya santuri na redio iliyotangaza kwa Kiluo, na katikati ya mwongo huo akawa na kundi lake mwenyewe. Kundi hilo lilibadili majina kama mtoto abadilivyo meno: lilikuwa Victoria Boys, likawa Luo Sweet Voice, likawa Shirati Luo Voice, ndipo likatulia katika jina la Shirati Jazz, ambalo wakati mwingine liliandikwa pamoja na herufi za mwasisi wake, D.O. Wengine huhesabu umri wa bendi tangu 1965, wengine tangu 1967, na hesabu zote mbili zina hoja, kulingana na jina ambalo mtu ameamua kuanza nalo.

Taabu za mwanzo zilikuwa zile za kila bendi ya wakati ule. Gitaa za umeme na vipaza sauti vyake vilikuwa ghali kupita kiasi, na aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi, hata akiwa hajui kupiga. Mpigaji akikosana na mwenye vyombo, kesho yake alikuwa hana kazi. Tena palikuwa na mashaka ya mali ya akili: mtungaji aliuza wimbo wake kwa malipo ya mara moja, sahani ikauzwa Nairobi, Kampala na Mwanza, naye akabaki kuusikia wimbo wake dukani kama mpita njia mwingine yeyote. African Gramophone Stores ya Nairobi ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzitoa nyimbo za Misiani, na si haki kusahau kwamba pasipo wafanyabiashara wa aina hiyo tusingekuwa na ushahidi wa miaka ile.

Misiani hakuwa peke yake katika uasisi wa benga, na kitabu cha ukumbusho hakimwongezei mtu heshima kwa kuwanyang'anya wenziwe. John Ogara na kundi lake walikuwa wakipiga mtindo huo, na George Ramogi vilevile, kila mmoja na mahadhi yake. Lililo lake Misiani ni kwamba aliufanya mtindo huo uwe na desturi: alichagua namna moja ya kupanga sauti, namna moja ya kuingiza gitaa, na akaishika mpaka watu wakaijua Shirati kabla mwimbaji hajatamka neno la kwanza.

1970–1979: Miaka ya fahari

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndiyo kiini cha habari yote.

Twaa sahani moja ya miaka hiyo, ile ndogo ya mizunguko 45. Kila upande una nafasi ya dakika tatu au nne, na wimbo mmoja hukatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, hata msikilizaji alazimike kuinuka kitini katikati ya wimbo ili aigeuze sahani. Gitaa la solo huanza peke yake kwa fungu fupi, kana kwamba labisha hodi. Besi huingia, nayo si besi ya kushikilia ardhi tu bali yenda mbio, ikirukaruka kwa mapigo yanayomkumbusha msikilizaji ile pete ya chuma juu ya ubao wa nyatiti. Ndipo waimbaji wawili waingie pamoja, tangu neno la kwanza. Hapana anayeongoza na mwingine kuitikia, kama ilivyo katika ngoma nyingi. Wote wawili husema maneno yaleyale kwa wakati uleule, mmoja juu kidogo na mwingine chini yake kwa mwachano usiozidi, sauti zao zikiwa laini, hazipigi kelele, na hazitetemeshwi kwa madoido. Wakimaliza ubeti, hunyamaza, na gitaa huchukua zamu kama shahidi aliyeitwa barazani, likarudia yaliyosemwa kwa lugha yake na kuongeza yake. Kisha sahani hugeuzwa. Upande wa pili ndio wa wachezaji: maneno hupungua, gitaa hupanda juu na kubaki hukohuko, ngoma hushika kasi, na sauti mbili hurudi mara mojamoja tu, kwa majina ya watu na vijiji.

Ukiuchunguza mpango huo utaona ya kuwa waimbaji ndio waliougawa wakati. Mpigaji wa solo hakuweza kuingia mpaka wao wapumue, na urefu wa jibu lake ulipimwa kwa urefu wa kauli yao. Ndiyo maana nasema gitaa lilijifunza kwao. Nayo sauti ya pili ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote katika bendi, kwani mwenye kuiimba ilimpasa ayajue maneno ya mtungaji kama ayajuavyo mtungaji mwenyewe, aijue pumzi yake, na aridhike kwamba wasikilizaji watamsikia bila kumtambua. Vikaratasi vya sahani vilitaja jina la wimbo, la bendi na la mtungaji. Mwimbaji wa pili, aghalabu, hakutajwa.

Sahani hizo zilitengenezwa wapi? Nyingi Nairobi, lakini si zote. Kericho, mji wa chai ulio juu ya bonde kutoka Kisumu, nyumba ya biashara ya A. P. Chandarana ilikuwa na studio yake na alama zake za sahani, na bendi za Nyanza zilipanda huko, zikaimba na kupiga kwa pamoja mbele ya vinasa sauti vichache, zikateremka jioni. Na Nairobi alikuwako Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki ambaye baadaye alikuwa mbunge, aliyetoa benga kwa wingi chini ya alama kadhaa na kuipeleka mbali kuliko mtu yeyote. Sahani zake zilishuka kusini mpaka Rhodesia ya siku zile, na wapigania uhuru waliokuwa makambini Tanzania na Msumbiji wakazisikia pia, hata huko Zimbabwe muziki wa gitaa wa namna ile ukaitwa kanindo, kwa jina lake, na mtindo mashuhuri wa nchi hiyo, sungura, ukarithi jina la mojawapo ya alama zake. Ni mara chache mtu kuacha jina lake katika muziki wa taifa ambalo hakuzaliwa kwalo.

Shindano nalo lilikuwa na faida yake. Mwaka 1972 Ochieng Nelly na Collela Mazee walianzisha Victoria Jazz, na kwa miaka mingi vijana wa ziwani waligawanyika kati ya Shirati na Victoria kama walivyogawanyika katika kandanda. Victoria nao waliimba kwa sauti mbili, ila yao ilikuwa na ukali zaidi na gitaa lao likakimbia zaidi. Kwa masikio yangu Shirati ndio waliopatana vizuri, lakini nawajua watu wenye akili timamu wasemao kinyume. Redio ya taifa, Voice of Kenya, ilizitangaza bendi zote mbili, na kwa njia hiyo benga ilitoka mikononi mwa Waluo peke yao: Wakamba wakawa na yao, ambayo Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliipa sifa, na Wakikuyu yao vilevile. Gabriel Omolo naye, mtu wa ziwani, alipoimba Kiswahili katika *Lunch Time*, sahani yake ikanunuliwa katika nchi nzima.

Huduma za bendi

Bendi hii ilifanya nini, tukiacha kuuza sahani? Ilifanya kazi ambayo hakuna afisi ya serikali iliyoifanya. Mtu alipofariki, bendi ilikesha matangani na michango ikapatikana; mtu alipooa, majina ya pande zote mbili yaliwekwa katika wimbo; mwalimu, dereva, mvuvi tajiri au mama muuza samaki aliyewafadhili wanamuziki alisifiwa kwa jina lake na la kijiji chake, na sifa hiyo ikatangazwa redioni kuliko tangazo lolote la kulipia. Hata leo ziko nyumba ambako sahani huhifadhiwa pamoja na vyeti vya shule, kwa kuwa babu ametajwa ndani yake. Ile pakruok ya mpiga nyatiti haikufa. Ilihamia katika santuri.

1977–1983: Mpaka unapofungwa

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari ya mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa mpaka Novemba 1983. Kwa bendi iliyobeba jina la mahali palipo Tanzania huku riziki yake ikiwa Kenya, habari hiyo haikuwa ya magazetini tu. Meli zilizounganisha Kisumu na Musoma zikakoma kufanya safari zao za zamani, na jamaa wa upande huu na upande ule wakabaki kusikilizana kwa redio. Mawimbi ya redio hayakuwa na kizuizi cha forodha, na Misiani aliendelea kuitwa huko kwao kwa lakabu ya Mfalme wa Historia.

Mwaka 1980 Voice of Kenya iliagizwa kwamba robo tatu ya muziki wake iwe wa Kenya. Amri hiyo haikudumu, nasi hatuna haja ya kuitafutia sababu hapa. Lililoumiza zaidi lilikuwa kanda. Kaseti iliweza kunakiliwa na mtu yeyote mwenye mashine mbili, na kufikia mwisho wa mwongo huo sahani ya mizunguko 45 ilikuwa imekwisha kufa, pamoja na ule ugawaji wa nyimbo katika pande mbili. Nyimbo zikarefuka. Wako wanaolisifu jambo hilo, lakini mimi naona wimbo uliobanwa na dakika nne ulikuwa na insafu kwa waimbaji, maana haukuwa na nafasi ya kupotezea.

1987–1993: Ng'ambo

Ulaya iliigundua benga wakati muziki huo ulipokuwa haupati tena sahani nyumbani. Mwaka 1987 World Circuit ya London ilitoa *Benga Beat* kwa jina la Shirati Jazz. Mwaka 1989 zikafuata mbili, *Benga Blast!* ya Earthworks na *Piny Ose Mer* ya GlobeStyle. Na mwaka 1993 GlobeStyle wakawageukia mahasimu wa Shirati, wale wa Victoria, kwa kutoa mkusanyo wao kwa jina la Victoria Kings. Wasikilizaji wa huko walimpa Misiani cheo cha babu wa benga, naye alikuwa hajatimiza miaka hamsini.

1990–2006: Mfalme wa Historia

Tangu mwanzo Misiani alikuwa ametunga juu ya mapenzi, Biblia, masimulizi ya kale na siasa, na katika miaka ya mwisho wa maisha yake siasa ikazidi. Mtu wa ziwani aliyeishi mwaka 1969, mwaka ambao Tom Mboya aliuawa Julai na damu ikamwagika Kisumu Oktoba katika ufunguzi wa hospitali, hakuweza kuimba kana kwamba hayo hayakutokea. Alitumia mafumbo, na mafumbo yake yalikuwa ya wanyama: katika *Bim en Bim*, wimbo alioutoa baada ya serikali mpya kuingia kwa uchaguzi wa 2002, nyani ndiye aliyebebeshwa hoja. Msomaji wa pwani hatashangaa, kwa kuwa Siti binti Saad, aliyenasiwa sauti Bombay mwaka 1928, aliwafumbia wakubwa wa Unguja kwa namna hiyohiyo, nao wakaelewa. Wakubwa wa Kenya nao walielewa. Zaidi ya mara moja Misiani alitiwa mbaroni kwa ajili ya tungo zake, na kwa kuwa alikuwa mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka, tishio la kurudishwa kwao halikuwa mbali naye.

Si kazi ya kitabu hiki kupima siasa hizo. Kwa habari ya uimbaji, yatosha kusema kwamba maneno makali yalisemwa kwa sauti zilezile laini, mbili, bila kupandishwa, na ukali wao ukazidi kwa sababu hiyo.

Miaka hiyo haikuwa na huruma kwa wanamuziki wa ziwani. Okatch Biggy wa Heka Heka alifariki mwaka 1997, na Ochieng Kabaselleh wa Luna Kidi mwaka 1998, wote wawili wakiwa na wafuasi wengi Kisumu. Misiani alibaki, akawa mzee wa kazi, mpaka tarehe 17 Mei 2006 alipofariki katika ajali ya barabarani huku Kisumu, akiwa na umri wa miaka 66.

Jedwali la matukio

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1940 | Kuzaliwa kwa mwasisi, Nyamagongo, Shirati |
| Mwanzo wa miaka ya 1960 | Mwasisi avuka mpaka kuja Kenya |
| 1965–1967 | Kundi laundwa na kubadili majina mpaka Shirati Jazz |
| 1972 | Victoria Jazz yaanzishwa |
| 1977–1983 | Mpaka wa Kenya na Tanzania wafungwa |
| 1987 | *Benga Beat* yatolewa London |
| 1989 | *Benga Blast!* na *Piny Ose Mer* |
| 2006 | Kifo cha mwasisi, 17 Mei |
| 2008 | Ketebul Music yatoa utafiti wake juu ya benga |
| 2010 | *The King of History* yatolewa na Sterns |

Tangu 2006

Bendi iliyojengwa juu ya mtu mmoja aghalabu huzikwa naye. Shirati haikuzikwa. Mjane wa mwasisi, ajulikanaye jukwaani kwa jina la Queen Babito, aliendelea kuimba nyimbo zake, na kwa kufanya hivyo alileta jambo ambalo miaka ya 1970 haikulijua katika bendi hii, nalo ni sauti ya mwanamke mahali pa sauti ya kwanza. Wako wazee wasiolipenda. Nadhani hawakusikiliza vizuri, maana mpango wa kale umebaki palepale: sauti ya pili iko chini yake, kwa mwachano uleule, na gitaa hungoja zamu yake.

Wakati huohuo kazi ya kuhifadhi ilianza kwa dhati. Mwaka 2008 Ketebul Music ya Nairobi, inayoongozwa na Tabu Osusa, ilitoa matokeo ya utafiti wake juu ya chimbuko la benga, kwa maandishi, picha na sauti za wazee waliohojiwa kabla hawajaondoka. Mwaka 2010 Sterns ya London ikakusanya nyimbo za Shirati za miaka ya 1970 zilizokuwa zimetawanyika katika sahani ndogo, ikaziunganisha tena zile sehemu ya kwanza na ya pili, hata msikilizaji wa leo asikie wimbo mzima bila kuinuka kitini.

Kisumu yenyewe imebadilika. Ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2001, ikapata redio kadhaa za Kiluo, na vijana wake wakaupenda zaidi mseto wa rumba na benga ambao Musa Juma na Orchestra Limpopo waliupamba mpaka kifo chake mwaka 2011, na ngoma ya ohangla iliyotiwa vinanda vya umeme. Katika mitindo hiyo mwimbaji mmoja hutangulia na wengine humwitikia, na uimbaji wa wawili kwa pamoja umekuwa adimu. Hata hivyo Kondele na kwingineko jijini, bendi za mwisho wa juma hazikosi nyimbo za Shirati usiku unapokwenda mbele na wazee wanapoanza kuagiza. Na hapo mpiga ridhim au mpiga besi husogea kwenye kipaza sauti cha pili, asiandikwe jina popote, akaingia pamoja na mwenziwe tangu neno la kwanza.